Benchi ya Karibu na Serveur

Kuandika si kazi yangu. Masomo yangu yaliishia darasa la tatu, kwa masista wa Nyangezi, na hapo walinifundisha kufuma vitambaa kuliko kusoma. Kwa hiyo musomaji akiona naacha njia, naingia mu habari za samaki ao za jirani, anivumilie, nitarudi. Nataka kueleza chumba cha michezo ya ordinateur, ndizo kompyuta, ambacho mwanangu wa mwisho alifungua mu nyumba yetu ya Ibanda wakati wa vita ya pili, ile ya waasi walioshika Bukavu, na commandant mumoja aliyetaka kumupandisha kambini kwa ajili ya ule muchezo.

Nyumba ni ya marehemu mume wangu. Aliijenga alipokuwa dereva wa kampuni ya majani ya chai. Mbele aliacha chumba chenye mulango wake wa barabarani, akisema kitakuwa duka. Duka halikuwa. Vita ya kwanza ilimukuta na ugonjwa wa sukari, dawa zikakosa njia ya kupita, tukamuzika. Mimi nikabaki na sambaza zangu ku soko ya Kadutu. Sambaza ni samaki wadogo wa ziwa letu, na wengi hawajui kuzikaanga, wanazimwagia mafuta mpaka zinalegea kama matambara. Zinataka moto mukali na mukono mwepesi. Tuache hiyo.

Mwanangu alikuwa amemaliza électronique ku institut, na vita ilipofunga barabara hakukuwa na kazi ya kumupa mutu. Alitengeneza radio za watu. Kisha akaanza kuokota ordinateur za zamani zilizotupwa na maofisi, zile za kichwa kikubwa kama sanduku la nguo. Akazifufua moja moja, akazipanga mu chumba cha mbele juu ya meza za mbao, akatengeneza benchi ndefu, akaziunganisha zote kwa nyaya za câble. Siku ya kwanza walikuja vijana wa karibu, kila mutu na pesa kidogo ya kucheza. Siku za nyuma yake wakaja hata wa Cimpunda, wanateremuka kwa miguu na vumbi mpaka magotini, na kelele yao ilikuwa inafika ku choo.

Walikuwa wanacheza vita. Nasema kama ilivyokuwa. Muji wetu ulikuwa mikononi mwa waasi, usiku tulisikia bunduki upande wa milima, na muchana watoto wa watu wanakaa mu nyumba yangu kufukuzana na bunduki za picha. Iliniuma. Siku moja nilisimama mulangoni na sahani mukononi, nikawauliza kama ile ya inje haiwatoshi. Kijana mumoja alinijibu bila kugeuza kichwa:

"Maman, humu mutu akikufa anarudia. Kule inje harudie."

Nilirudi jikoni.

Sasa nieleze serveur, maana bila hiyo habari yote haishikike. Mu couloir, ule ujia wa ndani katikati ya salon na kile chumba cha mbele, mwanangu aliweka ordinateur moja juu ya kreti ya bière. Haikuwa na écran, kile kioo cha picha. Câble zote za chumba zilitoka ku mashine za vijana, zikapita mu tundu la ukuta, zikaishia kwake. Kwa sababu haikuonyesha kitu, nilidhani ni mbovu, nikaweka juu yake beseni yangu ya unga. Ikapata joto, muchezo ukasimama kwa wote, vijana wakapiga kelele kama goli limekataliwa. Mwanangu akaja mbio, akatoa beseni, akaniketisha pale pale akanifundisha.

Aliniambia kila kijana ana picha mu écran yake, lakini picha si muchezo. Muchezo wenyewe uko ndani ya ile mashine isiyo na macho. Kijana akifyatua, ordinateur yake haimuue mutu. Inatuma habari ku serveur: nimesimama hapa, naangalia kule, nimefyatua. Wote wanatuma habari zao namna hiyo. Serveur inazikusanya, inazilinganisha, inaamua nani amepigwa na nani amekosa, halafu inawarudishia wote hukumu moja, na kila ordinateur inachora picha yake kufuata ile hukumu. Inafanya hivyo bila kupumzika, upesi kuliko jicho linavyofunga. Mumoja akizima mashine yake, wengine wanaendelea, kwa sababu uwanja hauko kwake. Serveur ikizimika, uwanja hauko tena kwa mutu yeyote. Kwa hiyo aliifungia batri pembeni, courant ya umeme ikipotea ibaki hai mpaka groupe, ile mashine ya mafuta, iwashwe.

Nilimuambia basi hiyo ni kama papa wa phonie ku paroisse, yule muzee aliyeshika radio ya kuzungumuza na watu wa mbali. Wakati ule simu hazikuwa, na mutu mwenye ndugu mbali alikwenda kupanga mustari kwa phonie. Unasema neno lako, unamaliza na "à toi", zamu yako, unangoja. Dada yangu alikuwa Kindu. Hewa ikiwa mbaya, neno linapotea njiani, yule papa anarudilia, anarudilia, na wewe unajibu kitu ambacho mwenzako ameshakiacha nyuma. Kuna siku nilimupa dada pole nyingi kwa ajili ya mutoto wake mugonjwa, na yeye alikuwa ameshasema zamani kwamba mutoto amepona. Tulilia bure, kila mutu upande wake.

Mwanangu alicheka, akasema njo hiyo, ndiyo yenyewe. Akaniambia kwamba rafiki yake alikuwa mulinzi wa ofisi moja yenye parabole, ile sahani kubwa ya kushika mawimbi, akamuacha siku moja ajaribu kuingia ku serveur ya Ulaya, kule ambako watu wa inchi nyingi wanakutana mu uwanja mumoja. Alisimama kule ndani kama sanamu ya kanisani. Habari yake ilipanda angani, ikashuka Ulaya, hukumu ikapanda tena, ikashuka Bukavu, na ilipofika alikuwa ameshakufa zamani. Hakumuona hata aliyemuua. Tangu siku ile alisema serveur nzuri ni ya karibu. Hilo neno nililishika bila kujua nitalihitaji.

Commandant wa wale waasi alikuja muchana, na mulinzi wake mumoja. Alikuwa mutu mwembamba, wa miaka kama thelathini, sauti ya chini, viatu safi. Vijana walitoa mikono juu ya mashine wote kwa mara moja. Akasalimia vizuri, akasema amesikia kuna muchezo, kama anaweza kujaribu.

Hapa njo kosa letu lilipoanzia, na lilikuwa kosa la adabu. Mu nyumba zetu, mukubwa akiingia haumukalishe ku benchi pamoja na vijana. Unamuingiza mu salon ya wageni, unamupa fauteuil, kile kiti kikubwa cha mikono cha mwenye nyumba. Mimi mwenyewe nilifungua salon. Nilimukalisha mu fauteuil ya marehemu, yenye vitambaa vyangu vyeupe, chini ya picha ya Moyo Mutakatifu. Mwanangu akabeba ordinateur nzuri kuliko zote, akaiweka mbele yake ku kameza kadogo. Ikabaki câble. Câble ndefu haikupatikana mu muji wote, njia zilikuwa zimefungwa. Akachukua vipande vya hapa na vya pale, akavisokota kwa mukono, akafunga maungio na plaster ya vidonda, akavipitisha juu ya mulango mpaka ku serveur. Mashine ikawaka, muchezo ukafunguka, tukashukuru.

Lakini zile plaster zilikuwa zinapoteza habari. Commandant akifyatua, habari yake inaanguka njiani, inatumwa tena, inaanguka tena, na ikifika kwa serveur, adui ameshahama. Na picha aliyoiona ilikuwa ya zamani. Alikuwa anapiga mahali ambapo mutu alikuwa, si mahali alipo. Akakufa. Akarudia, akakufa. Upande wa pili wa ukuta vijana walianza kusahau woga, kwa sababu mu écran hawakuona galon za cheo wala bunduki, waliona tu mutu anayezunguka kama kuku aliyenyeshewa.

"Ule wa mu fauteuil, mumuletee fimbo, labda atapiga nayo," mumoja akasema, na wengine wakacheka.

Ukuta wetu si munene. Nilikuwa nimesimama na chai yake, nikaona vidole vyake vinaacha kusogea.

Hakupiga kelele. Alimuita mwanangu, akamuonyesha écran. Akasema yeye ni askari, anajua kufyatua kabla ya mutu mwingine, na hapa anaona kwa macho yake anafyatua wa kwanza, halafu anakufa. Basi mwenye mashine anamuiba. Mwanangu akaanza kueleza, câble, maungio. Commandant akasimama, akavaa kofia.

"Nitakuja kesho saa kumi. Nikiibiwa tena, hii mashine itapanda kambini, na mwenyewe atapanda nayo."

Mutu wa Bukavu wa wakati ule hahitaji kuelezwa kupanda kambini ni nini. Kijana wa nyumba ya tatu alipandishwa kwa ajili ya radio moja ndogo. Alirudi, lakini sikio lake moja halikusikia tena, na mama yake mpaka alipokufa alikuwa anamuita mara mbili mbili.

Ile jioni hatukula. Asubuhi sikuenda soko. Mwanangu alisema kuna dawa: yeye njo mwenye serveur, anaweza kuiambia impendelee commandant, impe nguvu ambazo wengine hawana, asikufe. Nilimuuliza kama wengine hawataona. Akasema wataona. Nilimuuliza kama commandant hataona. Akaanza kusokota kipande cha câble. Nikamuuliza tena, câble mupya je? Hakuna. Kumusogeza karibu, akae ku benchi, mashine ya mwisho kando ya ukuta, ambako câble ni kipande kizima cha hatua chache? Akaniangalia kama nimepoteza akili.

"Maman, nani atamutoa commandant mu fauteuil amukalishe ku benchi na batoto? Ataona tunamuzarau. Atanipeleka hata kabla ya kucheza."

Na alikuwa na haki. Nilijua hivyo kwa sababu adabu hiyo mimi njo niliyomufundisha. Nilikaa na lile neno mpaka saa nane. Sikuomba sana, nasema ukweli; nilishika rozari lakini mawazo yalikuwa ku benchi. Mwishowe niliwaza hivi: ni nini inayofanya kiti kuwa kikubwa? Ni yule anayekaa pale. Nikaoga. Nikavaa kitenge changu cha Pasaka, nikafunga kitambaa kichwani, nikaenda mu chumba cha mbele, nikakaa ku ile benchi, kando ya ukuta, karibu na tundu la câble. Vijana wawili tu ndio walithubutu kuja ile siku. Waliniona nimevaa vile, wakadhani kuna musiba.

Saa kumi akaingia. Macho yake yalikwenda ku mulango wa salon, nao ulikuwa umefungwa. Mwanangu alisimama na mikono nyuma. Nikamuita mimi.

"Mwanangu commandant, njoo ukae hapa karibu na mama yako."

Kwetu mutu hawezi kukaa mu fauteuil wakati mama wa umri wa mama yake amekaa ku benchi. Hata askari, hata mulevi. Mulinzi wake aliangalia chini. Commandant akatoa kofia, akaja, akakaa, na goti lake likagusa kitenge changu. Hapo nikamuambia lile neno lingine, la serveur ya karibu, pole pole, ili vijana wasisikie.

"Kile kiti cha heshima njo kilikuwa kinakuua. Tulikuweka mbali sana."

Akaniuliza mbali na nini. Nikamuonyesha tundu, nikamuambia ile mashine isiyo na macho iko pale nyuma, urefu wa mukono mumoja tu, na habari yake sasa haitapotea. Sikujua kueleza zaidi. Mwanangu akachukua neno, akamueleza kama alivyonieleza mimi, na mutu yule alisikiliza vizuri. Aliuliza kitu kimoja tu: kama askari wa mbali na wa karibu wanafyatua pamoja, hukumu inakuwa ya nani? Mwanangu akasema ya yule ambaye habari yake imefika. Commandant akatikisa kichwa, akasema hata ku front iko vile.

Wakaanza. Yeye, vijana wawili, na mwanangu ku mashine ya nne. Mara ya kwanza alifyatua, kijana mumoja akaanguka pale pale. Akafyatua tena, akaanguka wa pili. Niliona mabega yake yanashuka, kama mutu aliyetua muzigo. Nikafikiri imekwisha, Mungu ametusaidia, sasa niende kukaanga samaki.

Haikuwa imekwisha. Mwanangu alikuwa anaogopa. Kila alipokutana na commandant alisimama, ao alipiga ukuta, ao aligeuka mugongo kama mutu anayetafuta funguo. Akauawa mara nyingi. Mwanzoni commandant alifurahi. Halafu akaacha kufurahi. Akatoa mukono juu ya meza, akamugeukia.

"Mashine yako haidanganye. Weye njo unadanganya."

Bunduki ya mulinzi ilikuwa imeegemezwa ku mulango, na mimi niliiona vizuri kuliko kitu kingine chochote mu kile chumba. Mwanangu aliniangalia. Macho yake yalikuwa yale ya utoto, ya wakati nilimupeleka kuchomwa sindano. Na mimi, niliyekuwa nakataza hata watoto wa jirani kuingia kwangu na bunduki ya muti, nikafungua kinywa.

"Mupige," nikamuambia. "Mupige kabisa."

Wakarudia. Sikuelewa picha, zilikuwa zinazunguka, kuta, ngazi, milango. Nilikuwa naangalia vidole vya mwanangu. Commandant alitokea mahali, mwanangu akamungoja, akafyatua, na ku écran iliyo karibu nami uwanja ukalala upande mumoja, ukawa mwekundu. Commandant alikuwa amekufa kwa haki.

Alikaa akiangalia ule wekundu. Kisha akapumua kwa pua, akasema, "Bon." Akasubiri mpaka serveur ikamurudisha uwanjani, akacheza tena, akaua, akauawa, mpaka jua likashuka nyuma ya nyumba. Alipoondoka alinishika mukono kwa mikono miwili, na hakusema kitu kuhusu kambi. Mulinzi alichukua bunduki yake pale mulangoni. Nilifunga mulango nikakaa chini ku sakafu, na kitenge changu cha Pasaka.

Ningependa kuishia hapo, kwa sababu pangekuwa pazuri. Lakini alirudi kesho yake, na keshokutwa. Alipenda ile benchi. Alikuja karibu kila siku saa kumi, ananisalimia, anauliza sambaza, anakaa mahali pale pale. Hakumugusa mutu, hakukosa kulipa. Na vijana wakaacha kuja. Nani atakaa bega kwa bega na commandant, acheke, amutukane kama vijana wanavyotukanana? Wale wa Cimpunda walipotea wa kwanza, halafu wa karibu. Walipopita barabarani walitupa macho mulangoni, wakiona mulinzi, wanaendelea kana kwamba walikuwa na safari. Mwishowe walibaki wawili, yeye na mwanangu, mu uwanja mukubwa wa watu wengi, wanatafutana. Niliwasikia kutoka jikoni: bunduki moja, kimya kirefu, bunduki nyingine.

Nilianza kumuhurumia, nasema bila haya. Siku moja alimuuliza mwanangu wengine wamekwenda wapi. Mwanangu akasema masomo. Commandant alijua hakuna masomo, walimu walikuwa wamegoma. Hakuuliza tena.

Halafu kikosi chao kikatumwa ku hauts plateaux, kule juu milimani. Alikuja kuaga, akiwa wima, hakukaa. Hatukusikia tena habari zake, na sikuuliza. Hiyo pia ni kweli.

Mwanangu alingoja vijana warudi. Alipiga chokaa chumba, akaandika upya mulangoni. Wakarudi wachache, lakini walikaa upande ule mwingine wa benchi, na sauti zao zilikuwa ndogo. Muchezo wa namna ile bila kelele haunogi. Mwisho wa musimu wa mvua akaamua kufunga. Alizima ordinateur moja moja, akasokota câble, akaniita mu couloir. Serveur ilikuwa bado inafanya kazi. Aliniambia uwanja ungali wazi kule ndani, milango yote, ngazi zote, unangoja mutu yeyote aingie, na hakuna hata mumoja. Akaniomba nibonyeze mimi, kwa sababu nyumba ni yangu. Nilikataa. Akabonyeza mwenyewe, ile sauti yake kama ya nyuki ikashuka, ikakatika.

Asubuhi yake alinibebea beseni ya sambaza mpaka Kadutu, kwa sababu mugongo ulikuwa unaniuma. Sokoni wamama wenzangu walimuona, kijana mwenye diplome na beseni ya samaki kichwani, wakamupigia vigelegele, wakamuita ingénieur wa sambaza, wakamuuliza kama zinawaka kwa courant ao kwa groupe. Alicheka. Akatua beseni, akakaa kando yangu ku gunia, akaanza kufukuza nzi.